Mpinzani Yuko Hapa Hapa

Sithabile alibonyeza padi ya gemu la mpira mpaka kidole gumba kikamuuma, na televisheni ikamjibu vilevile: seva ya mtandaoni haipatikani.

"Seva ya nini?" alifoka. "Mpinzani wangu huyu hapa, tumegusana magoti!"

Dada yake akacheka. "Sema unaogopa kufungwa tena."

Walikuwa wamebakiwa na saa moja ya kucheza kabla gari la Johannesburg halijamchukua dada kwenda kazini mwaka mzima. Saa yote iliishia kwenye kusubiri.

Nje, honi ikalia. Dada akainuka na begi lake.

Hapo hapo gemu likafunguka, wachezaji wakaingia uwanjani.

"Dada!"

Honi ikalia tena, kwa hasira. Dada akautazama mlango, kisha akaketi juu ya begi.

"Lete padi," alisema. "Upesi."