Mkono wa Baba Mkwe

Droni ilikuwa imesimama hewani mbele ya baba mkwe, betri inakaribia kwisha, na pa kuitua hapakuwepo. Uwanja mzima ulikuwa saruji mbichi, aliyoimwaga mwenyewe asubuhi ile.

"Nitaidaka," alisema kutoka kizingitini. "Paa si umeshalipiga picha?"

"Ndiyo, Baba. Ila samahani, kama hutajali, uishike miguu, kwa chini."

Mkazamwana, aliyesimama juu ya tofali pembeni mwa uwanja, alisema hayo kwa sauti ya mtu anayemjulia hali mgonjwa. Tangu aolewe hakuwahi kumtazama mzee huyu usoni, sembuse kumtuma. Akakaza mikono yote miwili kwenye rimoti, akaishusha droni taratibu.

Mkono ukanyanyuka. Ulikuwa mpana, saruji imekaukia kwenye kucha, na haukuwa ukienda chini ya droni. Ulikwenda ubavuni, vidole vimetanuka, kuelekea kwenye mapanga yanayozunguka.

"Baba, naomba..."

Mvumo ukayameza maneno. Vidole vilibakiza upana wa kiberiti kuyagusa mapanga.

"Wewe mzee, teremsha mkono!"

Mkono ukashuka. Dirishani, mama mkwe akaacha kuosha vyombo.

"Kiganja juu. Pitisha chini ya tumbo. Kamata miguu. Usiivute."

Mzee akatii neno kwa neno. Droni ikatulia mkononi mwake, bado inanguruma.

Aibu ikampanda mkazamwana hadi masikioni. Baba mkwe alimtazama, mkono ungali juu, masharubu yakimcheza.

"Kumbe sauti unayo, mwanangu. Haya, niamrishe tena: niiachie, au nisubiri?"