Chupa Yenye Jina la Bi Raya

Mtaalamu alikuwa akitia matone ya dawa katika chupa ya kumi na mbili, na ukumbi mzima ulimtazama. Kila nyumba ilileta maji ya kisima chake, chupa ikabandikwa jina la mwenyewe. Maji yakigeuka mekundu, yana sumu, na kisima kinafungwa.

"Hiyo ya Bi Raya muuza chai," mtu alitania kutoka nyuma. "Haikosi iliki!"

Watu walicheka. Bi Raya alikaza mikono mapajani. Kwa kukihofia kisima chake, chupa ile aliijaza kwenye bomba la msikiti, ambako nusu ya mtaa huteka maji ya kunywa.

Maji yakageuka mekundu.

"Pole, mama," alisema mtaalamu. "Chako kitafungwa. Zilizobaki tutapima kesho."

Watu wakaanza kuinuka. Bi Raya alibaki ameketi, akiitazama ile chupa.

"Usilie, shoga," alisema jirani yake, Mgeni. "Wajukuu watakunywa ya msikitini, kama wanangu." Akafungua kidumu alichotoka nacho nyumbani, akamimina kikombe, akamwekea mkononi. "Hebu kunywa kidogo, moyo utulie."