Mkono wa Mwalimu

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeingia mpaka ofisini. Daktari Mwanakombo alimmiminia kahawa Daktari Shemdoe, bingwa wa upasuaji aliyemfundisha kazi, ambaye leo Mwanakombo ndiye aliyepaswa kumtathmini kama bado anafaa kupasua. Shemdoe hakugusa kikombe. Mkono wake wa kulia ulibaki mfukoni.

"Kunywa, Mwalimu."

"Andika nimefaulu, mwanangu, niende zangu. Wagonjwa wananingoja."

Wakubwa wa hospitali waliujua mkono ule tangu masika ya mwaka juzi. Walinyamaza, kisha wakamsukumia Mwanakombo mzigo. Ndivyo wakubwa walivyo tangu enzi na enzi: kaa la moto hulishika kwa kiganja cha mwenzao.

"Utoe, Mwalimu."

"Mkono huu ndio ulioshika wako ulipopasua mara ya kwanza."

"Sijasahau. Ndiyo maana sikudanganyi. Kuanzia leo hushiki kisu."

"Wamekutuma."

"Wamenituma. Lakini maneno ni yangu."

Shemdoe aliutoa taratibu, akaulaza mezani katikati yao. Ulikuwa ukitetemeka. Wakautazama wote wawili kama ndege aliyeingilia dirishani, wasijue atatua au ataruka.