Mbeleko ya Marehemu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa, saa nne asubuhi. Afisa wa manispaa aliingia kwa Mzee Shomvi, akakanyaga mkeka kwa viatu vyake, akawaruka watoto sita waliolala.

"Mzee Shomvi, hapa ni eneo la makazi. Kulea watoto wa watu ni biashara. Lipa ada ya kubadili matumizi ya nyumba, au wote watoke leo."

Kwa ada hiyo mtu angejenga nyumba nyingine. Kazi hiyo ya kulea watoto mzee aliachiwa na marehemu mkewe.

"Watoke? Haya, anza kuwatoa wewe, mwenye serikali yako!"

Akamsukumia mtoto mmojawapo, Siwema, wa miezi minane. Afisa akamdaka asianguke.

"Inama!" mzee alifoka, na afisa, kama yeyote aliyelelewa na mama, akainama. Mzee akamfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko ya marehemu, akakaza fundo.

"Acha mchezo, mzee! Mama yake yuko wapi?"

"Sokoni, anatafuta ushuru wenu. Nenda!"

Majirani walijaa mlangoni, wala hawakucheka. Siwema aliegemeza shavu kwenye shati la serikali, akalala tena. Afisa akafika kizingitini, akageuka.

"Sasa nimpeleke wapi?"