Ukili wa Sekunde Tatu

Raya aliichora mikono ya Bi Mize, msukaji wa mikeka, picha baada ya picha, mpaka ikawa inasuka yenyewe kwenye kompyuta. Nembo ya sekunde tatu tu: miyaa, majani makavu ya mkindu, inapishana, ukili unatokea, ule mkanda unaoshonwa kuwa mkeka, jina la Jumuiya ya Sanaa linasomeka. Mwenyekiti akaitazama mara mbili, akasema nembo inabana, yeye anataka kitu kinachofunguka kama jua.

"Irudishe kinyume. Nani atajua?"

Raya akairudisha. Ilikuwa kazi ya kubofya mara moja.

Siku ya uzinduzi Bi Mize aliketishwa mstari wa mbele, mapajani ameweka ukili aliomsukia mwenyekiti. Nembo ikawaka ukutani, ikajirudia bila kukoma, watu wakapiga makofi. Bi Mize akamvuta Raya ukingo wa baibui.

"Mwanangu, hii si mikono yangu?"

"Ni yako, mama."

"Mbona inafumua?"

Raya akamwambia ndivyo walivyopenda wakubwa, na kwamba inapita upesi, hakuna anayeona.

"Mimi nimeona."

Mwenyekiti akamwita jukwaani aje kumkabidhi ule ukili. Bi Mize akasimama mbele ya ukuta, akautafuta ukili ncha, akaanza kuchomoa miyaa, mmoja mmoja, kwa mwendo uleule wa nembo. Ukumbi mzima ukainuka ukishangilia. Miyaa ikamwangukia miguuni, na mwenyekiti bado amenyoosha mikono yote miwili, anatabasamu, anasubiri kupokea.