Chakula Chini ya Kawa

Siku hizi kila anayehamia ng'ambo huacha nyumbani pacha wa mtambo, mwenye sura na sauti yake, wazazi wasibaki wapweke. Mwanaidi alimwacha wake Pangani, akaenda Oslo na mumewe na watoto. Hata hivyo, kila Ijumaa mama yake alimwekea chakula na kukifunika kwa kawa, kama awekewavyo msafiri, na Mwanaidi hakutulia mpaka akione kwenye simu.

Ijumaa hii kawa haikuwepo. Pacha alikuwa akipakua pilau.

"Mama, mbona hukuniwekea chakula?"

Mama aliikodolea simu macho, kisha akamgeukia pacha. "Mwanaidi, una mgeni. Mkaribishe."

Pacha alinyanyua uso, akatabasamu tabasamu la Mwanaidi mwenyewe. "Karibu tule, dada."