Mkono wa Mkemia

Mikono yote ilikuwa juu, isipokuwa wa Mkemia.

Kazi ya chama chao cha wanasayansi ilikuwa kuishauri serikali, na leo ushauri wenyewe ulikuja umeshaandikwa wizarani: maji ya mto unaopita chini ya kiwanda kipya ni salama. Mkemia alikuwa ameyapima mwenyewe, akayakuta yamejaa sumu.

"Mwanangu," alinong'ona Mwenyekiti, aliyekuwa mwalimu wake chuoni na sasa ameketi ubavuni pake. "Tukikataa leo, kesho hatuna chama. Tukikubali, angalau tutaendelea kuitwa."

"Kuitwa kufanya nini, Mwalimu?"

Kwenye kiti cha mwisho, Ofisa wa wizara alikuwa akichokonoa meno kwa kona ya kitambulisho chake cha kazi, akikikagua alichokitoa, kisha akikirudisha mdomoni.

Ndipo Mkemia akahisi vidole kwenye kifundo cha mkono wake. Vilikuwa vya baridi na vimelowa jasho, vidole vilevile vilivyomfundisha kushika mrija wa maabara. Vikauinua mkono wake taratibu, kwa upole wa mzazi, mpaka ukalingana na mingine.

"Basi wote tumekubali," alisema Ofisa huku akifungua kalamu.

Mkemia akauchomoa mkono, akaufuta kwenye sketi, akaufuta tena, lakini unyevu ule ulikuwa bado umemganda. Akasimama.

"Andika kwamba mkono huu umeinuliwa na Mwenyekiti," alisema. "Mwenyewe nimekataa."